Alama ya Waya kwenye Muhuti

Kila mwaka, nikifika somo la jinsi mimea inavyokua, huwatoa wanafunzi wangu nje hadi kwenye mti wa mgrevilea ulio nyuma ya maabara. Naweka kidole kwenye gome, kwa kimo cha goti, kisha nauliza: "Nikipigilia msumari hapa leo, halafu mrudi mkiwa na mvi, mtaukuta wapi?"

"Juu!" wanajibu wote. Mmoja husema utakuwa umefika kifuani. Mwingine husema utakuwa umepita paa la maabara. Nawaacha wabishane, kwa sababu jibu lisilo sahihi, likitolewa kwa moyo wote, ni mahali pazuri pa kuanzia somo. Kisha nawaeleza polepole. Mti haunyanyuki wote kwa pamoja kama unga uliotiwa hamira. Hurefuka kwenye ncha tu, ncha za matawi juu na ncha za mizizi chini. Shina lenyewe, likishakuwa shina, hunenepa tu. Ni kama fundi anayejenga ukuta: anaweka jiwe jipya juu ya lile la jana, na jiwe la chini halisogei hata kidogo. Msumari wa gotini utabaki gotini, isipokuwa mti utakuwa umeumeza.

Zamani nilikuwa nikiliuliza swali hilo kwa raha. Siku hizi, wiki ya somo hilo ikikaribia, hutamani kuliruka, na hiyo imetokana na simu niliyopigiwa na ndugu yangu mdogo mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekolea.

"Jumanne kuna watu wa kupima," alisema. "Jirani anagawia vijana wake shamba. Ati anasema mpaka yetu ilimhamia. Wewe ndiye ulisoma mambo ya miti, kuja uongee. Mama hajalala vizuri tangu Ijumaa."

Nikamwambia nitakuja. Kisha nikakaa kwenye chumba cha walimu, pale shuleni karibu na Karatina, nimeshika kipande cha chaki mpaka kikalowa jasho.

Nieleze shamba letu lilivyo, maana bila hilo wasiwasi wangu hautaeleweka. Nyumbani ni Tetu, si mbali na soko la Giakanja, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito. Mpaka wetu na jirani ni mstari mmoja ulionyooka. Unaanzia chini kwenye jiwe kubwa lililo kando ya maji, jiwe ambalo hakuna anayelibishania, unapanda moja kwa moja hadi kwenye muhuti ulio juu, karibu na barabara. Ukilisogeza jiwe au ukiusogeza mti, mstari wote unalala upande mwingine.

Baba alizikwa huko juu, kando ya muhuti. Kwetu kaburi huwekwa pembeni mwa shamba, ili jembe lisisumbuke nalo. Karibu yake kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi, ambayo Mama hupalilia kwa mikono yake na hamruhusu mtu mwingine yeyote kuigusa. Ni nafasi yake mwenyewe. Ikiwa muhuti ule si alama ya mpaka, basi mstari unahama hatua tisa kuja kwetu, na kaburi la Baba, pamoja na mahali Mama anapongojea kulala, vinakuwa ndani ya shamba la watu.

Na muhuti ule haukuwa alama ya mpaka. Nilijua hivyo kwa sababu niliuchomeka ardhini mimi mwenyewe, nikiwa na miaka tisa, ili nifunge mbuzi.

Muhuti ni mti wa ajabu, nawe usipoujua utadhani umeona miti miwili tofauti. Wakati wa mvua ni mti wa majani mapana, yaliyopangika matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, na ukilipapasa jani upande wa chini unahisi vinyweleo kama vya shavu la ndama. Kiangazi kikija, majani yote huanguka. Unabaki na shina la gome nene kama ganda la mkate uliopasuka, lenye miiba mifupi minene, na matawi matupu yaliyopinda kama vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi. Mgeni atakwambia umekufa. Halafu, bila jani hata moja, kila ncha ya tawi inasimamisha kishada cha maua mekundu yanayokaribia rangi ya machungwa, yamebanana kama njiti za kiberiti zinazowaka. Ndege wadogo wenye midomo myembamba hugombania utamu wake tangu asubuhi. Baada ya maua huja maganda yaliyobanwa kiunoni kati ya mbegu na mbegu, na ndani yake mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Tulizitumia kuhesabia shuleni, huku Mama akitukumbusha kila siku tusizitie mdomoni, maana zina sumu. Vitabu vya Kiswahili huuita mwamba-ngoma. Kwetu haujawahi kuitwa hivyo, na nikimwambia Mama jina hilo atauliza ngoma iko wapi.

Lakini sifa yake kubwa, kwa habari hii, ni kwamba ukikata tawi lake nene kama mkono na kulichomeka ardhini, linaota. Chini ya gome kuna machipukizi yaliyolala, na sehemu iliyofukiwa hutoa mizizi. Unaweza kulisahau wiki tatu kando ya njia na bado likaota. Ndiyo maana wazee wetu waliutumia kuonyesha mpaka: kigingi cha mti mwingine kinaoza, jiwe linabebwa, lakini muhuti unakaa. Ndiyo maana pia, nilipokuwa mdogo, hakuna aliyechomeka muhuti ardhini ovyo. Ukitaka kigingi cha mbuzi, unatafuta mti mkavu. Kuchomeka muhuti ilikuwa ni kama kusema: hapa ndipo pangu, mlio na neno semeni.

Niliyajua hayo hata nikiwa na miaka tisa. Lakini Mama alikuwa amekwenda Mwea kupandikiza mpunga kwa majuma kadhaa, Baba alikuwa kazini mbali na alirudi mara moja kwa mwezi, na nyanya aliyebaki nasi hakuona vizuri. Mbuzi alikuwa amekwisha kula nyasi zote upande wetu. Upande wa jirani, nyuma kidogo ya muhuti mzee wa mpaka, nyasi zilikuwa zinanifika gotini. Nikakata tawi la ule muhuti mzee, kwa sababu ni mwepesi kubeba na laini kukata, nikahesabu hatua mpaka kwenye nyasi nzuri, nikalipigilia kwa jiwe. Nikafunga waya kwenye kigingi hicho, kwa kimo cha goti, kwenye waya nikafunga kamba, na kwenye kamba nikamfunga mbuzi. Mbuzi akala akashiba. Nilijivunia akili zangu.

Mama aliporudi, kigingi kilikuwa na majani matatu matatu. Sikuking'oa. Niliogopa kuulizwa kwa nini kiko kule. Miaka michache baadaye upepo uliung'oa muhuti mzee, na kwa kuwa mbao zake ni laini, ulioza mpaka pasibaki hata kisiki. Watu wakaendelea kusema "kwenye muhuti," kama walivyosema siku zote, na kulikuwa na muhuti kweli. Watu hukumbuka kwamba palikuwa na mti. Ulikuwa hatua ngapi kutoka wapi, hilo husahaulika upesi sana.

Hata mimi nilisahau. Nilikumbuka siku moja tu, miaka kumi na moja iliyopita, vijana walipokuwa wakichimba kaburi la Baba. Niliketi nikaegemea mti kwa uchovu wa kulia, mkono wangu ukaingia kwenye mfereji unaozunguka shina, gotini, kama kovu la mkanda. Ndani ya mfereji, kutu ya waya. Shimo lilikuwa tayari limefika kiunoni mwa wachimbaji. Wageni walikuwa wamekaa kwenye mahema, na mapadri walikuwa njiani. Nikajiambia, nitasema baadaye. Wanaojua maana ya baadaye ya namna hiyo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Jumanne nilifika mapema. Mama alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha plastiki, juu kule karibu na kaburi, amevaa kitambaa chake cha kanisani kana kwamba ni mazishi ya pili.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, Mama." Sikuwa nimekula.

"Usiogope. Hawa watu watasikia ukiongea. Wewe hueleza mambo mpaka ng'ombe anaelewa."

Wakaja wote kwa pamoja: naibu wa chifu, wazee wawili wa kamati ya mashamba, na mpima ardhi, kijana mpole kutoka upande wa ziwa, aliyebeba chombo chake cha miguu mitatu begani. Nyuma yao alikuja jirani yetu mzee, akiegemea fimbo, na kijana wake mkubwa, ambaye ndiye angepewa kipande kinachopakana nasi. Kwa ajili ya mpima ardhi, maneno yote yalisemwa kwa Kiswahili, kile chetu cha mlimani.

"Ramani inaonyesha kuna mpaka," mpima ardhi alieleza, "lakini haiwezi kuniambia habari ya hatua tisa. Ilichorwa kwa kufuata miti na michongoma iliyokuwepo. Kwa hivyo nyinyi ndio mtaniambia mti ni upi."

"Mti ni huu," ndugu yangu akasema, akiupiga muhuti kofi. Ulikuwa umechanua, hauna jani. Maua mawili yakaanguka kwenye kofia ya naibu wa chifu.

"Hiyo si mpaka," jirani mzee akasema. Alikuwa anapumua kwa shida. "Mpaka ilikuwa muhuti ingine, mzee kuliko mimi. Iliangushwa na upepo. Hii ilikuwa kigingi ya mbuzi. Angalia hapa chini, waya ilikuwa imefungwa. Alama ndio hiyo."

Wote wakainama kuangalia kovu.

Ndugu yangu akacheka. Yeye ni mtu wa utani, na utani wake huwafanya watu wawe upande wake kabla hawajafikiri. "Mzee, pole lakini hapo umejifunga mwenyewe. Mti ikikua si inapanda na alama yake? Kama waya ilifungwa hii ikiwa fimbo, saa hii hiyo alama ingekuwa huko juu na ndege. Hii ni waya ya juzi, ya watoto."

Wazee wa kamati wakacheka pia. Mmoja akatikisa kichwa akakubali. "Hapo amesema ukweli. Hata mimi nikiwa shule nilikuwa kimo ya meza."

"Na uliongezeka kutoka kichwani ama kutoka miguuni?" mwingine akamtania.

"Mimi niliongezeka tumbo."

Kicheko kikatembea. Jirani mzee peke yake hakucheka. Alilitazama lile kovu kama mtu aliyeshikwa na uongo asiousema. Hata yeye, nadhani, alianza kuamini kwamba alama hupanda na mti.

Naibu wa chifu akanigeukia. "Mwalimu, si wewe unafundisha mambo ya miti? Tusaidie tumalize. Alama hupanda ama haipandi?"

Nimefundisha miaka ishirini na saba, na sijawahi kuulizwa swali rahisi zaidi. Nilihitaji neno moja tu. Ndugu yangu alinikonyeza. Mama alitulia kabisa, mikono mapajani, akinitazama kwa uso ule alionitazama nao siku niliyopata nafasi ya chuo, uso wa mtu anayesubiri kujivunia.

"Haipandi," nikasema.

Nikaanza kueleza, kwa sababu nikiogopa hueleza. Nikawaambia habari ya ncha, habari ya fundi na jiwe la chini. Nikawaonyesha kwa kidole jinsi gome lilivyovimba juu na chini ya waya, polepole, mwaka baada ya mwaka, kama mdomo unaofungwa. Nikasema waya ya juzi ingekaa juu ya gome, na hii imezama ndani, imezama muda mrefu sana. Nilipofika mwisho wa somo nikaona kwamba bado sijasema lenyewe.

"Na waya nilifunga mimi," nikasema. "Mbuzi alikuwa wetu. Mama alikuwa Mwea. Muhuti mzee ulikuwa pale, hatua tisa. Nilizihesabu."

Ndugu yangu alinisogelea, akasema kwa Kikikuyu, kwa sauti ya chini, jambo ambalo nitaliandika kwa Kiswahili: "Kwa hivyo umemtoa Baba nje." Akaenda zake kuelekea nyumbani, akakipiga teke kidebe njiani.

Mama aliinuka, akasogeza kiti chake cha plastiki hadi kwenye ile nafasi anayoipalilia, akakaa hapo, miguu pamoja, kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake kanisani ili asinyang'anywe. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikakumbuka kwamba hata hiyo ardhi si yetu.

Jirani mzee akanisogelea na fimbo yake. "Wewe msichana," akaniambia, mimi mwenye miaka hamsini na miwili, "nilikuona na hiyo mbuzi."

"Uliniona?"

"Ilikuwa imekula nyasi yangu mpaka imelala. Nikasema, huyu mtoto mama yake hayuko, wacha ale." Akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Sikuita serikali nichukue kaburi. Huyu mzee wenu tulichunga naye. Lakini nikikufa bila mtu kusema ukweli, vijana wangu wataitwa wezi kwa shamba yao. Sasa umesema. Savea, piga mstari kutoka kwa jiwe mpaka pale mti mzee ilikuwa. Lakini ukifika kwa kaburi, zunguka."

"Kuzunguka?" kijana wake mkubwa akadakia. "Baba, shamba yangu itakuwa na kona kama kiwiko?"

"Iko mbaya aje? Wewe pia uko na kiwiko."

Mpima ardhi akasema inawezekana, ila kona hiyo itahitaji alama zake, na pande zote mbili zitie sahihi. Wazee wa kamati wakasogea kando, wakanong'ona, wakarudi. Kijana mkubwa alikuwa bado amenuna. "Mimi sitatia sahihi kwa hewa," akasema. "Vigingi za mti mkavu mtu anang'oa na mkono moja."

Hapo Mama akasema, kwa mara ya kwanza, bila kugeuka. "Ni muhuti itawekwa. Minne. Na atapanda mwalimu. Yeye ndiye anajua kuipanda mahali haifai, sasa aipande mahali inafaa."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Makubaliano yakawa hayo: mihuti minne kuzunguka kaburi, nafasi ya Mama ikiwa ndani. Ikiota yote minne na kutoa majani, wazee watarudi na kila upande utatia sahihi. Ule usiokubali ardhi haushuhudii mpaka. Ndivyo kijana mkubwa alivyotaka iandikwe, na wazee wakasema hata zamani ilikuwa hivyo.

Nilikata matawi manne siku hiyo hiyo, kutoka kwenye mti wangu wa mbuzi. Kama utawahi kuhitaji kufanya hivi, usihofu, si kazi ngumu. Chagua tawi lililokomaa, nene kama kifundo cha mkono, refu kama wewe. Kata kwa mshazari upande wa chini ili usisahau ncha ipi iliangalia ardhi. Liache kivulini siku chache, mpaka jeraha likauke, kwa sababu likifukiwa bichi kabisa linaweza kuoza. Kisha chimba shimo la kufika kiwiko, lisimamishe, shindilia udongo kwa kisigino. Nilifanya yote hayo kwa mikono yangu, ambayo imepasua vyura na kushika asidi mbele ya vijana arobaini, kisha nikarudi kushindilia kila kigingi mara ya pili.

Kisha mvua ikakataa kuja.

Kila Jumamosi nilipanda gari la asubuhi kutoka Karatina, nikashuka, nikapita nyumbani kumwamkia Mama, akanijibu "sijambo" bila kuongeza neno, nikapanda juu. Nilikuna kila kigingi kwa kucha, mahali padogo tu, chini ya gome la juu. Ukiona kijani, mti una uhai. Ukiona rangi ya kahawia, umekwisha. Wiki ya kwanza yote minne ilikuwa kijani. Wiki ya tatu pia. Wiki ya tano, mitatu ilikuwa imevimba vidoa vidogo kama chunusi, ambavyo ndivyo machipukizi yanayoamka. Wa nne, ule wa upande wa kichwa cha Baba, ulikuwa bado laini na kimya. Niliukuna mpaka nikaogopa kwamba nitauua kwa kuukuna.

Jirani mzee alipelekwa hospitali Nyeri, akarudi, akapelekwa tena. Nilianza kuhesabu mambo mawili kwa pamoja, pumzi zake na machipukizi yangu. Angetangulia, kijana mkubwa angekuwa na neno la mwisho. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni huku nasikiliza simu mfukoni. Ndugu yangu alikuwa hajanipigia tangu Jumanne ile.

Mvua ilianza usiku wa Jumapili, na Alhamisi simu ikalia. Alikuwa kijana mkubwa wa jirani, ambaye hakuwahi kunipigia maishani.

"Mwalimu, kuja uone fimbo yako," akasema, akakata.

Sikumpigia tena kuuliza. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, na njia nzima niliangalia dirishani bila kuona kitu. Niliwaza: ameung'oa. Niliwaza: mzee amekufa na hataki kulisema kwa simu. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia Mama atafute mahali pengine pa kulala, baada ya miaka kumi na moja ya kupalilia.

Nilimkuta amesimama kando ya kigingi cha nne, mikono nyuma, viatu vimejaa tope. Sikumsalimu. Nikainama. Juu kidogo ya kiuno changu, gome lilikuwa limepasuka, na kwenye mpasuko kilikuwa kimechomoza kitu kidogo cha kijani chenye vinyweleo, kimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga.

"Imeota upande wangu," akasema. "Hii nayo inataka kuhamia tena?"

Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa chini kwenye matope. Akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nikamwuliza baba yake anaendeleaje. "Anauliza kila saa kama mti imekubali," akasema. "Sasa nitaenda kumwambia, atuache tulale."

Wazee walirudi majuma mawili baadaye. Jirani mzee aliletwa kwa bodaboda, katikati ya dereva na kijana wake, akatia kidole gumba kwenye karatasi akiwa ameketi papo hapo juu ya pikipiki. Ndugu yangu alitia sahihi bila kunitazama, lakini alipomaliza alinipa kalamu mimi, badala ya kuirudisha mezani, nami nikashukuru kwa hilo.

Walipoondoka, nilibaki juu na Mama. Alikuwa hajazungumza nami sawasawa kwa karibu miezi mitatu. Alitoa mfukoni mwa aproni kipande cha kanga kuukuu, akakichana utepe, akainama kwa taabu kando ya kigingi cha nne, akaufunga. Hakuukaza. Kisha akasimama karibu na kigingi, akavuta rinda lake juu kidogo, akalinganisha. Utepe ulikuwa sawasawa na goti lake.

"Mama, unafanya nini?"

"Wewe ulisema haipandi."

"Haipandi, Mama. Ni hakika kabisa."

"Ndiyo. Ulisema." Akakung'uta udongo mikononi. "Mimi nataka kuona mwenyewe. Mwakani utakuja unisimamishe hapa, na mwaka ule mwingine, mpaka nichoke kuja kwa miguu yangu. Sasa twende, hujakula."

Akatangulia kushuka. Nikabaki nyuma kidogo, nikakagua fundo la utepe mara mbili, kuhakikisha kwamba halitaukaba mti ukinenepa.